Naomba ushauri: katuni za zamani zilizokarabatiwa, ninunue seti ya DVD ya mtumba au Blu-ray mpya?

Sharubu_Tatu
Wakuu, habari za wakati huu. Naombeni mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Mimi ni mgonjwa wa katuni za miaka ya 1930 hadi 1950: Bugs Bunny, Tom na Jerry, Popeye, Betty Boop. Nimekua nazo kwenye kanda za VHS zilizorudufiwa mara nyingi mpaka Popeye akawa kivuli kinachovuta kiko. Sasa nimeamua kuzikusanya kiukweli, diski yenyewe na kava lake, sio mafaili.

Nimeanza vibaya. Nilinunua diski moja, kampuni siitaji, kava limejisifu kwamba katuni zote zimekarabatiwa. Nikaiweka kwenye deki. Rangi zinang'aa, mkwaruzo hakuna, roho ikatulia. Dakika ya pili paka anatimua mbio, sharubu zake zikapotea. Akasimama, zikarudi. Akakimbia tena, hazipo. Nikasogeza fremu moja moja, nikakuta hata mstari wa mgongo umekatikakatika. Mke wangu anasema haoni tatizo lolote. Mimi tangu siku hiyo siangalii katuni, naangalia sharubu.

Sasa kuna mtu mtandaoni anauza Looney Tunes Golden Collection, zile DVD za Bugs Bunny na wenzake wa Warner, juzuu zote sita kwa mkupuo. Upande wa pili kuna Blu-ray mpya za wahusika hao hao. Nichukue ipi? Na hili neno "zimekarabatiwa" lina maana gani, maana naona kila mtu anabandika tu.

Mpita_Njia
Si zipo mtandaoni bure mkuu? Hela ya diski nunulia bando.

FundiDeki
Mpita_Njia, pita basi.

Sharubu, macho yako mazima. Hiyo ni programu ya kuondoa uchafu wa picha, wakusanyaji wanaijua kwa herufi nne: DVNR. Inafanya kazi hivi: inalinganisha fremu na jirani zake. Kitu kikionekana kwenye fremu moja na kwenye inayofuata hakipo pale pale, inakihesabu kuwa vumbi au mkwaruzo, inakifuta. Sasa mstari mwembamba wa wino unaohama kwa kasi una tabia hiyo hiyo ya mkwaruzo. Mashine itajuaje huu ni usharubu? Inafyeka vyote.

Kazi ya kweli ni ya mtu kukaa na kupitia picha kwa macho yake. Katuni ya dakika saba, kwa fremu 24 kila sekunde, ni fremu 10,080. Ndiyo maana mwenye haraka anaiachia mashine, anaenda kulala.

Ukitaka kupima diski, tafuta mahali mhusika anakimbia au anapigwa na kitu kichwani. Simamisha. Angalia ncha: vidole, nyusi, sharubu, ile mistari ya kuonyesha mwendo. Usipime kwa picha iliyotulia, picha iliyotulia haimuumbui mtu.

MzeeWaReli
Fundi kaeleza vizuri, ila kaanzia katikati. Kabla ya kuuliza imesafishwaje, uliza imetoka kwenye nini.

(Reli ninayoitwa nayo ni ya filamu, sio ya treni. Kila mwaka lazima mtu mmoja aniulize ratiba ya garimoshi.)

Kuna nega iliyotoka kwenye kamera, halafu kuna nakala, na nakala ya nakala. Kila hatua mstari unavimba kidogo na rangi inachoka kidogo. Diski nyingi za bei ya kutupa zimechukuliwa kwenye nakala ya milimita 16 iliyozungushwa kwenye vituo vya televisheni mpaka ikachanika. Hiyo hata uisafishe na nini.

Kwenye nega ndipo katuni ina bahati ambayo filamu za waigizaji hazina. Technicolor, mfumo wa zamani wa kupiga filamu za rangi, ule wa rangi tatu, kwa waigizaji ulihitaji kamera kubwa yenye mikanda mitatu inayokimbia pamoja, na miaka ikipita kila mkanda unasinyaa kivyake, rangi zinapishana. Mchoro haukimbii, umelala mezani chini ya kioo. Kwa hiyo kila mchoro ulipigwa mara tatu mfululizo kwenye mkanda mmoja usio na rangi, kwa kichujio chekundu, cha kijani, kisha cha buluu. Zile 10,080 za Fundi zinakuwa 30,240. Mkanda ukisinyaa, zote tatu zinasinyaa pamoja. Na kwa kuwa wenyewe ni mweusi na mweupe, hauna rangi ya kupauka. Ukiskaniwa leo na fremu zikapangwa tatu tatu juu ya nyingine, unapata mstari mkali kuliko ulivyowahi kuonekana kwenye nakala nyingi za kumbi za sinema.

Tatizo ni kwamba mkanda wenyewe ulikuwa wa nitrati mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nitrati inaoza yenyewe ghalani, na ikishika moto haizimiki kwa maji. Mwaka 1978 ghala la makumbusho ya George Eastman House kule Rochester, New York, liliungua na nega za filamu zaidi ya 300, nyingi za MGM, studio ya Tom na Jerry, na za katuni zao zikiwemo. Ukiona Tom na Jerry wa miaka ya 1940 hana ukali wa Bugs Bunny wa miaka hiyo hiyo, usimtukane fundi haraka. Huenda kapewa nakala kwa sababu mama yake aliungua.

Moja tu la mwisho. Rangi tatu kwenye katuni zilianza 1932 na Flowers and Trees ya Disney, iliyobeba Oscar ya kwanza ya katuni fupi. Disney akashikilia haki hiyo peke yake mpaka 1935. Wenzake wakabaki na mfumo wa rangi mbili, wekundu na ukijani-buluu, manjano safi huioni. Juzi kijana mmoja alitaka kurudisha diski ya katuni za 1934 akisema rangi zimekufa. Hazijafa, ndivyo zilivyozaliwa.

Sharubu_Tatu
Shikamoo mzee. Hapo kwa "mama yake aliungua" nimeelewa kuliko vitabu.

MzeeWaReli
Marahaba.

BiRangi
Naomba niongeze mfano mmoja, kwa sababu watu wanadhani ubovu ni wa makampuni ya uchochoroni tu. Cinderella ya Disney ya 1950 ilipotoka kwenye Blu-ray mwaka 2012 ilikuwa laini kama sabuni. Mistari ya nguo na nywele imemezwa, chembechembe zote za filamu zimefagiliwa. Wakusanyaji walilalamika miaka. Mwaka 2023 kampuni hiyo hiyo ikatoa diski ya 4K, yenye picha kali kuliko Blu-ray, iliyokarabatiwa upya, na chembe zikarudi na mistari ikarudi nazo. Filamu ile ile, wenye mali wale wale.

Kwa hiyo Sharubu, ukiona picha ina chembechembe ndogo zinazochezacheza, usiseme ina chenga. Chenga ni za antena mbovu. Chembe ndiyo filamu yenyewe. Ukizifuta unafuta na ncha za kalamu zilizojificha humo.

Na mimi naenda mbali zaidi: hata vumbi lililonaswa chini ya kioo siku ya kupiga picha liachwe. Nikiona kivuli cha karatasi ya plastiki aliyochorwa mhusika juu ya mandhari, au alama ya brashi kwenye rangi ya shavu, nasikia kabisa kuna mtu alikaa pale akafanya kazi.

FundiDeki
Hapo dada tunaachana. Kivuli sawa, brashi sawa. Vumbi hapana. Mchoraji hakulichora, mpiga picha hakulitaka, angeliona angelipuliza. Kwa nini mimi nilitunze kwa heshima?

BiRangi
Kwa sababu ukimruhusu mtu kufuta vumbi, kesho anafuta sharubu.

FundiDeki
Haya, umenipata kidogo. Kidogo tu.

KibokoYaMtumba
Mnabishana vumbi, mwenzenu ana muuzaji anamsubiri. Nirudi kwenye swali.

Golden Collection zilitoka moja kila mwaka, 2003 hadi 2008, kila seti diski nne. Kwa DVD za wakati ule ni nzuri, japo katuni chache humo zimepitiwa na huyo mdudu wa Fundi, DVNR. Blu-ray za Platinum, za 2011, 2012 na 2014, zina katuni 50 kila moja, na nyingi ni zile zile za Golden kwa picha kali zaidi. Collector's Choice zilizoanza 2023 zina kazi nyingine: kutoa katuni ambazo hazikuwa zimepata diski ya maana. Kwa hiyo Golden na Collector's Choice hazigombani, zinapokezana. Platinum na Golden ndizo zinazorudiana.

Sasa sikiliza vizuri. Mwaka 2025 Warner wenyewe walikiri kwamba baadhi ya DVD zao zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2009 zinakufa. Juzuu ya nne, ya tano na ya sita zilitoka ndani ya miaka hiyo. Seti za Popeye za 2007 na 2008 pia. Sio kwamba zote ni mbovu. Ila ubovu wake hauonekani kwa jicho, diski inameta kama kioo, menyu inafunguka, halafu katikati ya katuni inaganda. Mtu anayekwambia "nimeijaribu, inawaka" hajajaribu kitu. Mwambie aziingize kwenye kompyuta azinakili zote mpaka mwisho. Ikikwama kusoma, unajua.

Geuza na upande wa chini. Ukiwa na rangi ya zambarau, diski imechomwa, haikushindiliwa kiwandani. Zipo halali za aina hiyo, Warner Archive, tawi lao la filamu za zamani, walianza hivyo 2009, lakini Golden Collection ya zambarau ni feki, kimbia.

Na deki yako inasoma kanda gani, yaani diski za eneo gani la dunia? Seti za Marekani DVD ni kanda 1, Blu-ray ni A. Afrika, Ulaya na Australia Blu-ray ni B. Baadhi ya diski hazina kizuizi, ila usibahatishe, uliza. Na kama kuna toleo la PAL na la NTSC, ile mifumo miwili ya televisheni, ya Ulaya na ya Marekani, kwa katuni mimi nachukua NTSC. PAL inakimbiza filamu ya fremu 24 kwa 25, kwa hiyo katuni ya dakika saba inaisha sekunde 17 mapema na sauti ya muziki inakuwa nyembamba zaidi. Mwenye sikio anajua.

Sharubu_Tatu
Daah. Nilikuwa nimeshaandika "nakuja kuchukua" nikabaki kubonyeza tu. Nimeifuta.

Swali la mwisho: nikipata seti iliyoandikwa kamili, niiamini?

BiRangi
Hesabu mwenyewe. Tom na Jerry Golden Collection juzuu ya kwanza ilitoka 2011 na katuni 37 kwa mpangilio wa miaka. Ya pili ilitangazwa kutoka 2013 bila katuni mbili zenye kejeli za watu weusi, Mouse Cleaning na Casanova Cat. Wakusanyaji wakalalamika, haikutoka. Na kuna zile 11 za Warner zilizoondolewa kwenye televisheni tangu 1968 kwa sababu kama hiyo. Kejeli zile zinaudhi na mimi sizitetei, ila mtu asiniuzie seti yenye mashimo akaiita kamili. Bora toleo lenye maelezo mwanzoni kuliko mkasi.

FundiDeki
Nyongeza fupi. Katuni zilizokwisha hakimiliki, yeyote anaweza kuzitoa. Zile 17 za Superman za 1941 hadi 1943 zina matoleo hata sijui nianzie wapi, mengi yametoka kwenye nakala chafu. Lakini usidharau wadogo wote. Thunderbean wanatafuta mikanda adimu wenyewe na kuikarabati kwa upendo ambao makampuni makubwa hayana muda nao. Kasi yao ni ya konokono, jiandae kusubiri.

Sharubu_Tatu
Mrejesho wakuu, baada ya wiki mbili.

Nilimwomba muuzaji anakili diski zote 24 mpaka mwisho. Akasema hana muda huo. Nikamwambia basi aniuzie juzuu tatu za kwanza tu. Akanuna, kesho yake akakubali. Zimefika, kanda 1 na deki yangu inazisoma, chini ni za fedha, hakuna zambarau. Zile tatu za mwisho nitatafuta taratibu kwa mtu mwenye subira.

Jana usiku nikaweka diski ya kwanza. Nikatafuta mahali pa mbio, nikasimamisha. Sharubu zipo, kushoto tatu, kulia tatu. Nikasogeza fremu, zipo. Nikasogeza tena. Mke wangu akapita, akasimama nyuma ya kochi, akaangalia TV, akaniangalia mimi, akauliza kama hiyo katuni huwa inaanza saa ngapi.