DX7 imepoteza sauti zote, nifanyeje?

Wakuu habari, mjomba kaniachia sinthesaiza (kinanda cha umeme) yake, Yamaha DX7, inawaka fresh ila kila sauti ni makelele matupu na kioo kinalalamikia betri. Ndo imekufa?

— Haijafa mkuu. Ndani kuna betri ya duara CR2032 inayotunza zile sauti 32, ikiisha zinapotea. Ya kiwandani imechomelewa kwenye bodi, mpe fundi aing'oe aweke kishikio, halafu sauti unazirudisha toka kwenye kompyuta kwa MIDI (njia ya kuunganisha vyombo vya muziki na kompyuta).

— Na usije ukaiuza! Hiyo ilitoka 1983, inatumia FM (sio ya redio, ni njia ya kuunda sauti kwa wimbi moja kulitikisa lingine) aliyoigundua John Chowning pale chuo cha Stanford, Marekani. Rudisha E.PIANO 1 kwanza, ile sauti yake ya kiwandani ya piano ya umeme, ukigusa taratibu inalia kama kengele ya mbali, ukikandamiza inang'ata kabisa, yani balladi za miaka ya 80 zote unazisikia humo. Kuunda sauti yako ndo kazi, opareta 6 (vizalisha mawimbi), algorithimu 32 (namna za kuziunganisha), kioo kidogo na slaida moja, wengi walibaki na za kiwandani lakini mwanamuziki Brian Eno aliikomalia akaimudu.

— Asanteni sana wakuu, kesho naipeleka kwa fundi.