Mjadala: Kampuni ya Magic ivunje ahadi ya 1996 na kuchapa upya kadi za zamani, au iishike?

Mwana_Kete (mleta mada): Wakuu, habari za jioni. Naileta hii hapa tuimalize. Wachezaji wa Magic: The Gathering, ule mchezo wa kadi za kukusanya, mnaijua ile orodha ya kadi ambazo Wizards of the Coast, kampuni yake, waliahidi mwaka 1996 kwamba hawatazichapa tena. Mwaka mmoja nyuma walikuwa wametoa toleo la Chronicles, wakarudia kadi za zamani kwa wingi, wakusanyaji wakapiga kelele kwamba mali yao imeshuka thamani. Kampuni ikaogopa, ikaahidi. Leo Underground Sea, kadi ya ardhi tu ya kukupa mana (nguvu ya kulipia kadi nyingine) ya bluu au nyeusi, inauzwa mamia ya dola kwa sababu mara ya mwisho kutoka katika toleo halali la mashindano ilikuwa Revised, 1994. Nasema ahadi ivunjwe. Wanaofungia kadi kwenye plastiki hawachezi.

Tundra_Mbili: Hawachezi nani? Mimi ninazo Tundra mbili, ardhi za aina hiyohiyo, nilizinunua kwa kujinyima miezi, na kila Ijumaa ziko mezani. Pembe zimeshaanza kuchubuka kwa kuchanganywa. Usinitie kapu moja na walanguzi. Nilitoa pesa yangu kwa sababu kampuni ilitoa neno lake. Na wewe ambaye deki yako nzima ya kadi imetoka kwenye printa, huna mdomo wa kutuambia nani mchezaji. Kucheza na kadi za kuchapa ni wizi.

ShangaziMana: Wizi? Ndugu yangu, pima maneno. Mwanangu ana miaka 14. Ameandika "Mox Sapphire", jina la kadi ya zamani ya bei kubwa, kwa kalamu ya wino mzito juu ya kadi ya Island, ardhi ya kawaida, anacheza na binamu zake sebuleni. Kamwibia nani? Kampuni yenyewe ilishasema, kama sikosei 2016, kwamba haina nia ya kuwafuata watu wanaojitengenezea kadi za majaribio kwa matumizi yao, bila biashara.

Tundra_Mbili: Dada, sijamsema mtoto wako.

ShangaziMana: Umesema "kucheza na kadi za kuchapa ni wizi". Hukubagua. Soma ulichoandika.

Jaji_wa_Meza: Tutenganishe mambo, maana mnagombana juu ya vitu viwili. Kadi ya majaribio kila mtu mezani anajua si ya kweli. Kadi feki imetengenezwa ili udanganyike. Hiyo ya pili ndiyo wizi. Mashindano rasmi hayaruhusu hata moja kati ya hizo, isipokuwa jaji akupe mbadala kwa kadi iliyoharibika palepale mchezoni.

Mwana_Kete: Sawa, lakini swali langu lilikuwa la ahadi.

Fundi_Lenzi: Hapo kwenye feki ndipo panaponiuma. Nilishauziwa Volcanic Island, nayo ni ardhi ya zamani ya rangi mbili, na mtu niliyemwamini, tulikuwa tunakula meza moja. Nyumbani nikachukua lenzi ya sonara, nikageuza kadi, nikaitazama ile nukta ya kijani kati ya nukta tano za rangi. Kwenye kadi ya kweli, ndani ya kijani unaona vidoa vinne vyekundu vimekaa kama herufi L. Yangu ilikuwa uji mtupu wa rangi. Nilikaa kitandani nikiishika ile kadi mpaka usiku. Nanyi mnaniambia printa haina madhara?

ShangaziMana: Pole sana kwa hilo, nasema kwa dhati. Lakini aliyekuibia ni muuzaji, na soko lake limeletwa na bei. Ardhi ingekuwa ya dola tano, nani angehangaika kuighushi?

Tundra_Mbili: Feki zipo hata za kadi za bei ndogo. Hoja hiyo haisimami.

Bibi_Lotus: Mnazungumzia ardhi, Black Lotus hamuioni? Moja ya toleo la kwanza kabisa, Alpha, iliuzwa dola milioni 3 mwaka 2024. Kadi ya gharama sifuri, unaitoa kafara unapata mana tatu za rangi moja. Milioni tatu! Huo ni mchezo gani?

Jaji_wa_Meza: Bibi, hiyo ilikuwa imepewa daraja la juu kabisa la ubora. Usiichukulie kama bei ya kila Lotus. Halafu kwenye mitindo ya mashindano inayoruhusu kadi za zamani, Legacy imeipiga marufuku, na Vintage unaruhusiwa moja tu kwenye deki. Kuichapa upya hakutabadilisha meza za wengi. Ardhi za rangi mbili ndizo zingezibadilisha.

Mwana_Kete: Afadhali umerudi kwenye mada. Na kuna jambo Tundra hajaligusa: 2022 kampuni hiyohiyo ilichapa Lotus na hizo ardhi kwenye toleo la miaka 30. Pakiti nne kwa dola 999, mgongo tofauti, mashindanoni hazikubaliki. Yaani walituuzia kadi za kuchapa! Sasa mwizi ni nani?

Tundra_Mbili: Hilo liliniudhi kuliko lilivyokuudhi wewe. Lakini kama wamechezea ahadi mara moja kwa tamaa, ndiyo uwape ruhusa waivunje yote?

ShangaziMana: Kwa hiyo mwanangu si mwizi?

Tundra_Mbili: Si mwizi, dada. Neno hilo nalirudisha. Ila Ijumaa akija mezani kwetu na ile Island yake, aseme mapema, kabla hatujachanganya kadi.

ShangaziMana: Atasema. Na wewe umwonyeshe hiyo Tundra, hajawahi kuishika.

Fundi_Lenzi: Mimi nitakuja na lenzi.