Mtu mmoja na kamera yake: video ya dagaa inageuka habari saa ngapi? Tujadili

Wadau naomba tulijadili hili bila jazba. Mi natengeneza video peke yangu huku Kanda ya Ziwa, naandika mwenyewe, nashuti mwenyewe, naediti mwenyewe. Zile Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018 hapa Tanzania zilitaka shilingi laki 1 ya maombi, milioni 1 ya leseni na ada ya mwaka milioni 1, wadogo wengi wakafunga. 2020 zikaja kanuni mpya, 2022 nazo zikarekebishwa, leseni ikaelekezwa kwa wanaotoa habari na matukio, watu wakashangilia kwamba sisi wengine tumepona. Mi nasema hatujapona, mzigo umehamia kwenye kuediti.

Nilienda mwalo mmoja kushuti video ya dagaa. Siku mbili kabla nilishapanga kwenye daftari, ziwa kwa mbali, viroba vinashushwa, mikono inachambua, halafu mama mmoja aeleze dagaa aliyekauka vizuri anajulikanaje (anavunjika, hapindi). Saa kumi na moja alfajiri nipo pale, maiki nimeificha chini ya khanga yake upepo usipige. Mama kaeleza vizuri kabisa, kisha wala sijamuuliza akaingia kwenye ushuru, kiroba kimoja analipia hapa analipia na pale, dakika nne nzima, na hapo ndo aliongea kwa uchungu kuliko kote. Nyumbani nikahamishia klipu kwenye draivu mbili, nikaanza kukata sauti kwanza ndo nije kufunika na picha, zile dakika nne nikazitoa. Hakuna aliyeniambia nizitoe. Nilijiuliza tu hii bado ni dagaa au ishakuwa habari, nikaogopa.

Mchangiaji: Mkuu hapa napingana na wewe. Sisi tulipata ajali kwenye familia, mtu wa peke yake kama wewe akarusha video ndugu hatujaambiwa, shangazi kamuona mwanae kwenye simu. Redio au TV kuna mhariri wa kusema hii hapana. Wewe ukikosea saa nane usiku nani anakuzuia? Leseni angalau tunajua tumshike nani.

Mleta mada: Pole sana ndugu, pole na shangazi, hilo siwezi kulitetea hata kidogo. Ila wa kumshika huyo sheria zipo, ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hazisubiri awe na leseni. Leseni unailipia kabla hujashuti hata klipu moja, haikai na mtu saa nane usiku akiediti. Ninachotaka kanuni iseme wazi, muuza dagaa akitaja kero yake ndani ya video ya dagaa, ni habari na matukio au siyo? Maana yule mama kanipigia mara mbili anauliza mbona ya ushuru haipo, nikamwambia sauti haikutoka vizuri. Na sauti ilitoka vizuri sana.