Naomba ushauri: vocha za kubadilishana zinarundikana kwa watu walewale, tufanyeje?

Wakuu habari, kikundi chetu cha wafanyabiashara wadogo tunajaribu vocha zetu wenyewe za kununuliana bidhaa na huduma pale hela inapokauka, ili biashara isisimame. Wazo sio geni, WIR, sarafu ya wafanyabiashara wa Uswisi ya kulipana wenyewe kwa wenyewe, ipo tangu 1934 na Bangla-Pesa, vocha za mtaani, ilianza Mombasa 2013. Shida ni mpangilio wa huduma yenyewe, vocha zote zinaishia kwa wauza chakula maana kila mtu ananunua kwao, wao wakienda kuchukua mzigo msambazaji anataka keshi tu. Sasa tuwaruhusu kupokea nusu vocha nusu keshi, au tumvute kwanza msambazaji aingie?

Mji wa Wörgl kule Austria 1932 noti zao wenyewe zilikuwa zinapungua thamani 1% kila mwezi ili watu wasizifungie ndani, na zikazunguka kweli mpaka benki kuu ikazipiga stop, ila naona hiyo kwa muuza chakula ni kumuadhibu mara mbili.

Halafu wenye simu za kitochi, menyu ya USSD inatosha au tubaki na daftari? Na mtu akitumia vocha mpaka kikomo chake akatokomea, hasara mnagawanaje? Waliowahi kuendesha kitu kama hiki njooni, hata inbox poa.