Mdogo wangu amefia mahabusu, polisi wanasema alijinyonga. Tuzike au tusubiri?

Wakuu, naomba ushauri, nimechanganyikiwa. Mdogo wangu alikamatwa akiwa mzima. Mama alipompelekea chakula kituoni akaambiwa arudi kesho, na kesho yake tukaitwa mochwari. Wanasema alijinyonga kwa shati lake. Nimemwona kwa macho yangu: vifundo vya mikono vimechubuka, nyayo zimevimba. Aliyejinyonga anavimba nyayo? Wazee wanataka tuzike haraka, eti serikali haishindwi kesi. Kuna ofisa ameahidi kuchangia mazishi, mradi tusaini karatasi ya kuchukua mwili.

Mtetezi_Kweli: Pole sana ndugu. Usisaini, na msizike kwanza. Mkishazika, kufukua kunahitaji amri ya mahakama, na alama za kwenye ngozi zitakuwa zimeshaharibika. Dai uchunguzi wa maiti mbele ya daktari mliyemchagua wenyewe. Andikeni barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

BabaWawili: Mimi nawaelewa wazee. Kesi za namna hii huchukua miaka, na mama yenu anahitaji kupumzika.

Nesi_Mstaafu: @BabaWawili, mama atapumzikaje bila kujua mwanawe aliuawa na nani? Mleta mada, mwambie daktari apasue nyayo aangalie damu iliyovilia ndani, kwa sababu kupiga nyayo ni mbinu ya mateso ya tangu zamani na juu ya ngozi huonekana kidogo tu. Alama ya shingoni ilinganishwe na hilo shati. Shati lenyewe liko wapi? Nguo zake zihifadhiwe kwenye mifuko ya karatasi; kwenye nailoni zinaoza. Pigeni picha kila jeraha, pembeni muweke rula.

Wakili_Msomi: Kumbukeni Albert Ojwang wa Kenya, aliyefia mahabusu Juni 2025. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani ndani ya selo. Upasuaji ukaonyesha majeraha ya kichwa na shingo iliyokabwa, na maelezo yale yakaanguka. Familia ingezika siku ileile, uongo ungebaki kwenye rekodi.

Pia kuna mwongozo wa Umoja wa Mataifa, Minnesota Protocol, uliotoka 1991 na kuhuishwa 2016. Unasema mtu akifia mikononi mwa dola, dola inachukuliwa kuwa inahusika hadi ithibitishe vinginevyo. Si kazi yenu kuthibitisha kwamba hakujinyonga. Wakili wenu aombe mahakama izuie kuharibiwa kwa daftari la mahabusu na picha za kamera. Watafuteni haraka waliolala naye selo moja, kabla hawajahamishwa. Malalamiko yapelekwe chombo huru kinachowachunguza polisi, kama kipo kwenu. Msiyaache kituo kilekile.

Mleta mada: Asanteni sana. Nimemsomea mama yote, amesema hazikwi mtu hapa. Wazee wamenuna. Karatasi ya ofisa sijaisaini, na hela yake hatuigusi. Barua naandika usiku huu. Anayemfahamu daktari wa maiti asiye mwajiriwa wa serikali, tafadhali anifuate PM.