Mafundi wa Kampala, acheni kutia oili ya sintetiki kwenye injini iliyotoka kufanyiwa ovaholi

Ndugu zangu, naandika kwa hasira, na naomba mafundi mlio humu mnijibu kwa hoja.

Gari langu la abiria, HiAce ya petroli inayofanya safari za Kampala na Masaka, lilifanyiwa ovaholi, yaani injini ilifunguliwa na kuundwa upya, katika gereji moja ya hapa mjini. Silinda zilichongwa upya, zikawekwa pistoni na ringi mpya (pete zinazoziba pengo kati ya pistoni na ukuta wa silinda) nilizozinunua mwenyewe katika soko la spea la Kisekka. Fundi akatia oili ya sintetiki, yaani iliyoundwa kwa kemikali, ya 5W-30 (namba hiyo ni uzito wa oili, yaani wepesi au unene wake), ile ya bei ya juu kuliko zote dukani, akaniandikia kwenye bili, kisha akaiacha injini ikiunguruma usiku kucha bila mzigo "ili ijizoeshe". Majuma machache baadaye gari linatoa moshi wa buluu, oili inapungua kila safari, na gereji inanieleza kwamba spea zangu ni feki.

Sikubali, na sababu ninazo. Silinda iliyochongwa huachiwa kwa makusudi mikwaruzo midogo inayopishana. Mikwaruzo hiyo hushika oili, na wakati huohuo vilele vyake na uso wa ringi mpya husagana taratibu mpaka vikae sawasawa. Kinachoisukuma ringi kwenye ukuta wa silinda si mkazo wake peke yake, bali hasa ni shinikizo la gesi inayowaka, ambayo hupenya nyuma ya ringi, na shinikizo hilo huletwa na mzigo. Injini inayounguruma bila mzigo tangu jioni hadi asubuhi haina shinikizo la kutosha. Oili inabaki ukutani, inaungua, na kuacha tabaka gumu linalong'aa kama kioo ndani ya ile mikwaruzo. Ikifika hapo, mara nyingi dawa ni kuifungua injini tena na kuichonga upya ile mikwaruzo ya silinda. Ukiongeza oili nyepesi iliyojaa viungo vya kupunguza msuguano, unaziondolea ringi msuguano uleule zinaouhitaji katika kilomita za mwanzo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba oili inayofaa ni ya bei nafuu. Wajenzi wengi wa injini hutumia oili ya kawaida isiyo ya sintetiki, yenye uzito unaoruhusiwa na kitabu cha gari, huimwaga mapema pamoja na kubadili filta ili vumbi la chuma litoke, na sintetiki huisubirisha mpaka ringi zishike. Baada ya kuhakikisha kwamba hakuna panapovuja na presha ya oili iko sawa, gari huingizwa barabarani, likapandishwa kilima kwa mzigo wa wastani, dereva akaachia pedali ya mafuta wakati wa kuteremka, bila kushikilia mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kampala imejaa vilima. Hakuna fundi anayeweza kudai kwamba amekosa mahali pa kufanyia kazi hiyo.

Nimeshaambiwa kwamba magari mapya hutoka kiwandani na sintetiki. Ni kweli, Porsche na Corvette zimekuwa zikitoka kiwandani na Mobil 1, ambayo ni oili ya sintetiki, na Honda huwaonya wateja wasiharakishe kumwaga oili ya kwanza. Lakini silinda za kiwandani humalizwa kwa mashine zinazosawazisha vile vilele kabla injini haijawashwa. Yangu ilichongwa mikwaruzo kwa kifaa cha kushikwa mkononi. Huwezi kuchukua kanuni ya kiwanda hicho ukaibandika kwenye kazi hii.

Kuna pia suala la kamshafti, yaani mhimili unaofungua vali za injini. Kiwango cha ubora wa oili cha Marekani kiitwacho API SM, cha mwaka 2004, kilishusha fosforasi hadi asilimia 0.08 katika oili nyepesi kama 5W-30, kwa ajili ya kulinda vifaa vya kusafishia moshi kwenye ekzosi. Zinki na fosforasi ndizo zinazolinda kamshafti mpya za injini za zamani ambazo chuma husuguana na chuma bila rola, kwa hiyo 5W-30 ya namna hiyo inaweza kuziacha bila kinga ya kutosha.

Na vijana wa boda boda wanaumizwa vilevile. Kijana amechukua Bajaj Boxer kwa mkopo, anafika dukani kubadili oili ya kwanza, anauziwa oili ya gari yenye alama ya kuokoa nishati. Katika pikipiki hizo oili moja hulainisha injini, gia na klachi, na viungo vya kupunguza msuguano vinaweza kuifanya klachi iteleze anapopanda mlima na abiria. Chupa inapaswa kuwa na alama ya JASO MA au MA2 (viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki), na uzito uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki. Muuzaji asiyeuliza hata chombo ni kipi hastahili kuitwa muuzaji wa oili!

Ninachodai ni kidogo. Gereji inayofanya ovaholi iandike kwenye risiti aina ya oili iliyotia, uzito wake, na kilomita ambazo mteja anapaswa kurudi kuimwaga, ili mzozo ukitokea kuwe na karatasi ya kusomwa badala ya lawama kwa spea. Mwenye kuijua gereji inayofanya hivyo hapa Kampala, au hata Jinja, anielekeze, kwa maana injini hii inafunguliwa tena na sitaipeleka kwa yule fundi.