Mafunzo kazini kwa wakunga, Tanga mnapataje?

MkungaPangani: Habari zenu wandugu, mimi niko zahanati huku Pangani, leseni inakaribia kuhuishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga wanataka pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma), semina nyingi zinafanyika mjini na ruhusa kupata ni shughuli maana zamu tuko wawili tu. Kozi za mtandaoni zinasaidia kweli?

Nesi wa Muheza: Pole mwaya. Za mtandaoni zinafaa kwa nadharia, ila mkono haufundishwi na simu. Kumpumulisha kichanga kwa ambu (ule mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono) lazima ushike mdoli wa mazoezi, ubane maski vizuri mpaka uone kifua kinapanda, ile dakika 1 ya kwanza haikusubiri ukumbuke slaidi.

Dokta Raskazoni: Naunga mkono. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini yanashinda semina ya siku 3 halafu basi. Ombeni mganga mfawidhi awatafutie mdoli. Na someni E-MOTIVE, utafiti wa 2023, Tanzania ilikuwemo: damu baada ya kujifungua inapimwa kwa mfuko wenye alama, si kwa macho, ikizidi matibabu yote yanatolewa kwa pamoja papo hapo, na kutokwa damu sana kulipungua kwa 60%.

MkungaPangani: Asanteni sana, kesho naongea na mfawidhi.